Kandambili Mlangoni pa Kliniki

Fundi Miwani alikuwa na uongo mmoja tu pale kazini, lakini ulikuwa umenona kwa kulishwa kila siku. Aliwaambia wenzake wa kliniki ya macho kwamba ni mzaliwa wa mji huohuo, tena hana ndugu. Ukweli ni kwamba alivuka mpaka akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake mdogo, akakulia kambini, na mpaka leo alikuwa akiishi na mama mdogo huyohuyo katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Lakini nani apeleke habari za ukimbizi kwenye utani wa saa ya chai? Alikuwa ameshazoea kuitwa mwenyeji, na raha ya mwenyeji ni kwamba haulizwi maswali.

Mama mdogo alikuwa amelalamikia macho wiki nzima. Hata uzi hakuweza tena kuutunga kwenye sindano. Kila akisema atakwenda kliniki, Fundi alipiga kalenda: leo kumejaa, kesho mashine mbovu. Mwisho mama akachoka na kalenda zake.

Asubuhi hiyo Fundi alifika akakuta wenzake wamesimama mlangoni wanacheka. Kwenye kizingiti, imetazama ndani kwa heshima zote, ilikuwapo kandambili moja ya bluu, kisigino kimelika, mkanda umeshonwa kwa uzi mweusi. Aliijua kabla hajaisogelea. Uzi ule aliutunga yeye mwenyewe kwenye sindano juzi jioni.

Aliijua na maana yake. Kambini, mbele ya bomba la maji, hakuna aliyekubali kusimama juani asubuhi nzima. Uliweka kandambili, au ndoo, au hata jiwe, ukaenda zako kivulini, na kandambili ile ikawa ndiyo wewe. Kuiondoa ilikuwa sawa na kumtukana mwenyewe mbele ya wanawe, na watu walishikana mashati kwa ajili hiyo. Hapa kliniki kulikuwa na mashine ya kutoa namba. Daktari mkuu, mtu mcheshi asiyejua kunyamaza, aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Na mgonjwa huyu naye haoni karibu au haoni mbali?"

Wakaangua kicheko. Wakamgeukia Fundi, maana ndiye bingwa wa kudakia utani. Angeweza kutabasamu tu, yakaisha. Lakini alikuwa na hofu, na hofu ilimtia kiherehere.

"Mwambieni asome herufi za juu," alisema. "Akishindwa, nitamkatia miwani ya kidole gumba."

Walicheka mpaka dada wa mapokezi akashika mbavu. Ndipo Fundi alipomwona mama mdogo. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ukuta, karibu tu, mguu mtupu ameuficha nyuma ya ule wenye kandambili. Alikuwa amesikia yote. Masikio ya Fundi yakawaka moto.

"Ni yangu hiyo," alisema mama. Akaja akichechemea, akaipokea kwa mikono miwili.

Dada wa mapokezi aliona haya. "Samahani, mama. Hapa huwa tunachukua namba. Umekuja na nani? Una mtu wako hapa?"

Mama alimtazama Fundi. Fundi akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta miwani yake mwenyewe, akafuta hata pasipo na vumbi.

"Sina mtu," alisema mama.

Macho hupimwa na daktari, lakini fremu hupimwa na fundi, kwa hiyo hakuwa na pa kukwepea. Mama aliletwa kwenye kiti chake, mlango uko wazi, daktari mkuu anapita huku na huku. Ilibidi amguse: mkono wa fremu nyuma ya sikio, rula juu ya pua. Kambini alikuwa akiukosa uso huu kidogo tu, analia. Sasa aliushika kama uso wa mteja yeyote.

"Tazama mbele, mama," alisema kwa sauti ya kazini.

"Ndiyo, daktari."

Neno hilo lilimkata maini. Akapima upya. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliandika vipimo, akamwita mteja mwingine.

Jioni alirudi nyumbani na maneno ya kuomba msamaha tayari mdomoni. Mama alimvuta ndani, akafunga mlango kwa komeo, akashusha pazia. Hakuwa na hasira. Alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Hukusahau," alinong'ona. "Siku tunavuka nilikwambia: wakikuuliza mimi ni nani wako, sema hunijui. Nikikamatwa mimi, wewe upite. Leo nilipoona umeinamisha kichwa nikajua kuna balaa hapo kazini kwako, nikasema sina mtu. Sasa niambie, mwanangu. Nani anakutafuta?"

Maneno yote ya msamaha yalimkimbia Fundi. Angeweza kumtajia mtu yeyote, naye angeamini.

"Hakuna anayenitafuta, mama."

Mama alishusha pumzi, akaanza kutabasamu. Tabasamu likaishia njiani.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Viganja vikatoka mashavuni mwake, taratibu.

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?" aliuliza mama, na safari hii hakunong'ona.