Kisoksi cha Karabai

Wanunuzi kutoka Mabatini walifika soko la samaki la Mwaloni asubuhi ile, wakainama, wakanusa dagaa, wakainuka mikono mitupu. Mmoja wao akamwuliza Bernadeta, mama yake Odeta, kama ana dagaa waliovuliwa mchana.

"Wa mchana?" Bernadeta akaweka chini kopo la kupimia. "Mama, dagaa wa mchana uliwaona wapi? Hawa wanafuata taa. Bila karabai usingewajua hata sura."

"Basi hatutaki. Tumesikia karabai zina bomu."

Odeta alikuwa pembeni akigeuza dagaa juu ya mchanga kwa ufagio wa chelewa. Masikio yakamwaka moto. Maneno yale yalitoka kinywani mwake, ila yalikuwa yametembea mtaa mzima wa Kirumba na kurudi yakiwa mengine.

Alichosema ni hiki. Likizo ile alikuta kwenye maktaba ya mkoa gazeti la sayansi la Kiingereza lenye jalada lililochanika, akalisoma kamusi ikiwa pajani. Kumbe kile kisoksi cheupe kinachofungwa ndani ya karabai, kile kinachoungua kikabaki kama jivu lililosimama, kina kitu kiitwacho thoriamu. Na wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wakijaribu kuendesha mitambo ya umeme wa atomiki kwa thoriamu hiyohiyo, wakitumaini itaacha taka za sumu chache kuliko zile za uraniamu. Odeta nusura apige kelele mle maktabani. Mjini mashine za umeme za dizeli zinakohoa moshi mweusi, na huku kila mtumbwi wa dagaa umebeba thoriamu na hakuna anayejua! Akakimbia kuwaeleza kina mama waanika dagaa. Wao, katika maelezo yote yale, walishika neno moja tu, atomiki, na atomiki waliyoijua ni ile iliyounguza watu Japani.

Jua lilipopanda akaja mzee Luhaga, balozi wa nyumba kumi, akisukuma baiskeli yake. Nyuma yake alikuwa Chenge, mwenye mtumbwi, karabai ikining'inia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Odeta, hapahapa mbele ya watu, sema ulidanganya. Wenzako wauze, tumalize."

"Sikudanganya, mzee."

"Nshomile huyo!" Chenge akadakia, kama watu wa Mwanza wanavyowatania Wahaya kwa kujivunia usomi. "Kidato cha tatu tu, keshakuwa profesa! Na dagaa wangu nani atakula, binti? Gazeti lako?"

Luhaga akainua mkono. "Sikiliza, mwanangu. Usiposema, nakwenda sasa hivi kwa mwalimu mkuu wako, kumwambia unaeneza uzushi na kuhujumu kazi ya wananchi. Shule utaisikia redioni."

Odeta alijua si vitisho vitupu. Miaka ile ya msako wa wahujumu uchumi, neno kuhujumu halikuwa la mchezo. Lilikuwa limeshawapeleka rumande watu wakubwa kuliko yeye.

"Sema tu, mama yangu," Bernadeta akamnong'oneza. "Neno moja litakung'oa jino?"

Odeta akaitazama karabai ya Chenge. Thoriamu ingeendelea kukaa mle ndani, na yeye amesimama mbele yake anasema haimo.

Akainama, akachota dagaa kiganja tele, akawatia kinywani na vichwa vyao. Mchanga ukasagika menoni. Akatafuna mpaka mwisho, akameza, kisha akaichukua karabai mkononi mwa Chenge.

"Thoriamu imo humu. Narudia: imo! Bomu halimo, wala taa hii haiwezi kulipuka kama bomu lile. Dagaa wanaifuata nuru tu. Kisoksi kikichakaa, msivute vumbi lake, mnawe mikono, na watoto wasikichezee. Basi. Mboga haina kosa."

Yule mama wa Mabatini akamtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Na hiyo mitambo yako ya umeme, jivu lake mtatupa wapi? Ziwani?"

"Sijui," Odeta akasema. "Wanasema litakuwa kidogo. Kidogo kiasi gani, na litalazwa wapi, gazeti halikusema. Ndilo ninalotaka kusomea."

"Afadhali umekiri kuna usilolijua." Yule mama akafungua kikapu chake. "Nipimie, Mama Odeta. Na ukung'ute mchanga, mwanao kautafuna kama bisi."

Wengine wakasogea. Chenge akainyakua karabai yake, akaifuta kioo kwa shati. Lakini Luhaga hakuondoa uso wake mkavu.

"Kuuza ni kuuza. Wewe bado hujasema ulidanganya."

"Na sitasema, mzee."

"Basi nakwenda shuleni."

"Twende wote." Odeta akapangusa mikono kwenye kanga, akakaa nyuma ya baiskeli, kwenye keria. "Neno thoriamu litakupotea njiani. Nitamweleza mwenyewe."

"Odeta! Shuka hapo!" mama yake akapiga kelele, kopo likiwa limejaa mkononi.

Hakushuka. Luhaga akasimama pale, watu wote wanamtazama, mwishowe akapanda na kukanyaga pedali. Walipofika kwenye kimlima cha kwenda Pasiansi, iliko shule, pumzi zikamwishia, baiskeli ikaanza kuyumba.

Hapo ndipo Odeta aliposhuka. Akazunguka nyuma, akashika keria kwa mikono miwili, akaisukuma baiskeli ya mzee kuelekea shuleni, wasije wakamkuta mwalimu mkuu ameondoka.