Kitako cha Kiondo

Stellah Kitonga hakuwahi kuanza kiondo hata kimoja maishani mwake. Hilo tuliweke wazi mapema, maana siku ya maonyesho yake kule Westlands alipigiwa makofi mpaka ungedhani katani aliivumbua yeye.

Kusuka alijua, tusimnyime haki yake. Vile vitambaa vipana vya katani vilivyotundikwa ukutani alivisuka mwenyewe katika nyumba yake ya kupanga huko Kilimani, miezi minane, vidole vikichubuka. Lakini kila kimoja huanzia kwenye kitako kama kiondo, na vyote vilianzwa na mama yake, Nzembi, nyumbani Mountain View. Na kuanza ndiko kwenye kazi. Unapishanisha nyuzi, unazifunga katikati ili zikubali kutanuka pande zote. Ukikosea hapo kwenye kitako, kitu chote kinakaa upande. Tangu Stellah akiwa mdogo, mama alimwanzia, akampa aendelee. Kisha hufika siku mama anamwambia binti, sasa anza mwenyewe. Siku hiyo Stellah aliikwepa kila ilipokuja. Mara ana mtihani, mara ana kazi, mara ana haraka.

Mwenye ukumbi alikuwa Norman Kuria, na ndiye aliyeyapa maonyesho hayo maneno yake. "Fundi anarudia," alimwambia walipokaa kupanga. "Msanii anaanzisha. Wewe si wa vyondo vya sokoni, Stellah." Weh! Maneno hayo yalimlewesha. Akayachapisha kwenye karatasi ya wageni kwa herufi kubwa, na chini yake jina lake peke yake.

Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, Nzembi akatokea. Hakuwa amealikwa. Alikuwa na gauni lake la kanisani, sweta juu, na mkononi ndoo ya sambusa alizoamka alfajiri kuzikaanga. Stellah alimwona angali mlangoni. Kabla hajajua la kufanya, Norman alikuwa kando yake.

"Na huyu mama?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu. Nyumbani humwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na siku zote hulitamka bila kufikiri.

"Ni fundi wangu," Stellah akasema. "Hunisaidia hapa na pale."

Jamani! Mwanamke alikuwa hatua mbili kutoka hapo, na masikio yake ni mazima. Alifunua ndoo, akaanza kuwapitishia wageni sambusa, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia karibuni.

Sasa, alikuwepo mgeni mmoja, Peres, mwalimu wa chuo, wale watu wa kutaka kujua kila kitu. Akaokota nyuzi zilizowekwa mezani kama mapambo. "Hebu tuonyeshe vile inaanza," akamwambia Stellah. Watu wakasogea. Stellah akaketi, akapanga nyuzi, zikamtoroka. Akarudia, zikapinda. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Mtu fulani nyuma akacheka kidogo, kisha akakohoa.

Nzembi akaweka ndoo chini. "Nikusaidie, madam?"

Madam! Akaketi, akapandisha gauni juu ya goti mbele ya wale watu wote wa suti, akasokota uzi pajani, pale ambapo ngozi imelainika kwa miaka arobaini ya kusokota. Kwanza Stellah aliona aibu kwa sababu ya lile paja. Kisha akajionea aibu mwenyewe, na hiyo ya pili ilimkaa kifuani ikakataa kutoka. Kwa dakika chache kitako kilikuwa tayari, kimelala mezani sawasawa.

Makofi yakalia. "Una fundi hodari," Norman akamwambia. Hapo angeweza kusema. Nafasi alipewa, bure kabisa, na akajibu asante.

Jumatatu Norman akapiga simu: kuna hoteli inataka vitambaa sita vingine kabla ya Krismasi. Stellah akaenda Mountain View na gunia la katani, njia nzima akifanya mazoezi ya kuomba msamaha. Alimkuta Nzembi barazani akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Karibu," Nzembi akasema bila kuinua uso. "Umekuja kwa fundi ama kwa mama yako? Fundi yuko, kama ni kazi. Mama yako pia yuko, kama unamtaka."

Swali rahisi hivyo! Mtoto wa miaka mitatu angelijibu. Lakini Stellah aliwaza vile vitambaa sita. Aliwaza kwamba akiita mama, huenda mama akamwambia sasa anza mwenyewe, na yeye hawezi, na Norman atajua, na hoteli itajua. Akabaki amesimama pale, gunia mkononi, masikio yakimwaka moto.

Nzembi alisubiri. Alisubiri mpaka maharagwe yakaisha kuchaguliwa, na bado hakuitwa. Basi akaweka ungo kando, akalivuta lile gunia kwake, akapandisha gauni juu ya goti.

"Rudi Alhamisi, madam," akasema. "Vitako vitakuwa tayari."