Mama Nassoro Aja Kuchukua Uso Wake

Watu wenye adabu zao huota usiku. Mimi niliota jana mchana, saa nane na nusu, kichwa kikiwa juu ya kibodi na chai imepoa ubavuni, na nitaieleza ndoto yenyewe ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Niliota nimo katika chumba kilekile cha kuhariri nilimolala. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Mtu unalala ili upumzike na kazi, unajikuta umerudi kazini, na hata kiti ni kilekile kibovu.

Mlango ukabishwa.

"Hodi!"

"Karibu."

Akaingia Mama Nassoro, kajifunga leso zake mbili, kikapu mkononi, na hana uso. Pale panapokaa uso palikuwa na kipande cha ukungu, cha mraba kama kigae, kinatetemeka kidogo kwenye pembe. Sikushtuka. Ukungu ule niliuweka mimi mwenyewe wiki iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Wakesho. Hamjambo? Na yule Oloo wa sauti, hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Alhamdulillahi. Nimefuata uso wangu."

Hapa lazima niseme kidogo, maana si kila mtu ananijua. Mimi natengeneza filamu za makala. Hii ya sasa inauliza ni kitu gani kinachowafanya vijana wa hapahapa nyumbani, waliocheza mpira na majirani zao, waende msituni kisha warudi na mabomu kuwaua majirani walewale. Nassoro ni mmoja wa walioondoka. Hakuna ajuaye kama ameshaua mtu. Kinachojulikana ni kwamba alitoka kwao Kwale asubuhi moja, na huu ni mwaka wa tatu hajarudi. Mamake, Bi. Mejumaa, alikubali kuzungumza nasi. Mimi na Oloo, mnasa sauti wangu, tulikaa naye siku nne, akatupikia siku zote nne, akatutania, akatuita wanawe, na sisi tukampenda, basi. Tuliporudi Nairobi nikaitazama ile fomu yake ya idhini. Pale palipoandikwa "uso ufichwe" hapakuwa na alama. Nikaiweka mimi. Kwa huruma, jamani! Nilidhani amesahau.

"Mama, tuliuficha kwa usalama wako," nikamwambia.

"Usalama gani? Tangu Jumatano kuku wangu wananikimbia. Mwenye duka kaninyima unga, ati hanijui. Kwenye chama chetu cha akina mama wameita majina, nimeitika, katibu kasema sauti ipo lakini mtu hayupo. Ndio usalama huo?"

Nikamvutia kiti, akakaa, akaweka kikapu mapajani.

"Samahanini," ukasema ukungu, kwa sauti ya karani. "Mimi niko kazini. Siwezi kuondoka hapa hivihivi."

"Mimi ndiye niliyekuweka," nikasema. "Toka."

"Kanuni hairuhusu. Ukungu ukishawekwa haufutwi. Huhamishwa tu, uso hadi uso."

"Mkaidi huyu," akasema Mama Nassoro. "Nimembembeleza njia nzima, hataki. Na anapumua ndani ya pua yangu."

Kamera yetu kuukuu ikakohoa pale juu ya rafu. "Uso hurudishwa mahali ulipochukuliwa," ikasema. "Twendeni. Na mnibebe kwa adabu, kiuno kinaniuma tangu ile safari ya Wajir."

Nafungua mlango wa chooni, na nje yake ni uani kwa Mama Nassoro, Kwale, jua linawaka. Oloo yuko katikati ya ua, vipokea sauti vimo masikioni, anachimba shimo kwa jembe. Ameshafika kiunoni.

"Oloo, unafanya nini?"

"Mkubwa amepiga simu tena," anasema, bila kusimama. "Anasema filamu yetu ina majani matupu, anataka mizizi ya ugaidi, na anaitaka kabla ya Jumatatu. Basi nachimba."

Hili ni kweli hata nje ya ndoto. Huyo mkubwa, mtu wa televisheni inayotulipa, hupiga simu kila wiki kuuliza mizizi iko wapi. Mwenyewe sijawahi kumwona ameshika jembe.

Mizizi ikaanza kutoka, minene kama mihogo, na kila mmoja Oloo anaubandika maikrofoni. Ikasema yote kwa pamoja, kama wataalamu waliokalishwa meza moja.

"Mimi ndimi umaskini," ukasema wa kwanza. "Jina langu liandikwe kwa herufi kubwa, tafadhali."

"Toka huko! Maskini wamejaa nchi hii na hawalipui mtu," ukasema wa pili. "Mimi ndimi mahubiri ya kwenye simu. Mimi ndiye nyota wa filamu hii."

"Bila ya mimi, ukosefu wa kazi, nani angekuwa na nafasi ya kukusikiliza wewe kutwa?"

Ikawa inasukumana mbele ya kamera, mmoja unamkanyaga mwenzake mkia. Kamera ikaomba ipewe maji.

Mama Nassoro hakuisikiliza mizizi ile. Alikuwa ameinama shimoni, anapekua mchanga taratibu, kama mtu aliyeangusha sindano. Akatoa kimzizi kimoja, chembamba kama uzi wa kudarizia kofia, akakipangusa kwa leso.

"Na wewe je, ni nani?"

"Mimi ni Jumanne," kikasema.

"Jumanne gani?"

"Jumanne tu. Sikufanya kitu, mama, nilipita. Nassoro alikwenda kuulizia kitambulisho, mara ya kumi na moja. Akaambiwa aje kesho. Aliyemwambia hakuinua hata kichwa. Alipotoka nje, mtu mmoja aliyekaa juu ya pikipiki akamwambia, 'Wewe si Nassoro wa Bi. Mejumaa? Mbona mnyonge hivyo? Mimi nakujua. Njoo tuzungumze.'"

"Halafu?"

"Halafu ikawa Jumatano."

Ile mizizi mikubwa ikaacha kusukumana. Oloo akavua kipokea sauti kimoja, kama watu wanavyovua kofia.

Machozi ya Mama Nassoro yakawa yanatoka chini ya ukungu, kwenye zile pembe mbili, yanadondoka kama maji ya paa la mabati. "Jumanne ile naikumbuka," akasema. "Alirudi nyumbani anacheka. Akaniambia, 'Mama, leo nimekutana na mtu anayenijua.' Nikafurahi naye. Watu wananiambia mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Haya, nilimlea mimi. Lakini siku ile nilifurahi, Wakesho. Wallahi nilifurahi!"

Nikamkumbatia. Ukungu ukaomba radhi, ukajibana kando kidogo ili tupate nafasi.

Alipotulia akajifuta shingo, akanishika mkono. "Sasa nisikilize. Sikukubali kamera yenu ili watu waone mizizi. Mizizi naijua, nalala juu yake. Nilikubali ili Nassoro anione. Huko waliko wana simu, hawapitwi na neno linalosemwa juu yao. Nilitaka amwone mamake, ajue yu hai, ajue hajamkana, labda atarudi. Ndilo hilo tu. Sasa wewe umenifuta. Atanijuaje?"

"Mama, ni hatari. Wale wenzake wakikutambua..."

"Wenzake? Mlango wangu wanaujua tangu wakiwa na kamasi. Umenificha asinione nani, basi?"

Nikaanza kukung'uta mchanga kwenye viatu.

"Na uliniuliza?"

Oloo akasimamisha jembe. Fomu ya idhini ikatoka yenyewe mfukoni mwangu, ikajikunjua, ikasoma kwa sauti kubwa uani pote. "Sahihi ni ya mama. Alama ya kisanduku cha saba, 'uso ufichwe', ni ya Wakesho, kwa kalamu ya buluu, saa kumi jioni, huku akitafuna korosho." Korosho zenyewe tulifungiwa na Mama Nassoro, za njiani. Nilitamani shimo la Oloo linimeze.

"Kuuliza si ujinga," ikaongeza fomu, ikajikunja, ikarudi mfukoni.

"Kata!" nikasema, maana ndivyo nisemavyo mambo yakinizidi.

Ua ukakatwa. Nusu ya nyumba ikaondoka, na nusu ya shimo, na nusu ya Oloo. Ile nusu iliyobaki ikalalamika kwamba sasa inasikia upande mmoja tu, na hivyo haiwezi kuwajibika kwa ubora wa sauti.

Pale palipokatwa pana msitu. Ni mchana, kumejaa inzi. Vijana wameketi chini kwa safu, bunduki magotini, wanatazama leso iliyotundikwa baina ya miti miwili, na juu ya leso inaonyeshwa filamu yangu. Nassoro yuko mbele. Namjua kwa ile picha ya shule aliyotuonyesha mamake, masikio yaleyale makubwa, ila amekonda. Kwenye leso, mwanamke mwenye mraba wa ukungu usoni anaeleza jinsi mwanawe alivyozaliwa siku ya mvua kubwa, mkunga akaja ameshika viatu mkononi. Sauti nayo tumeinenepesha, asitambulike.

Nassoro anamgeukia mwenzake. "Huyu mama ni nani?"

"Sijui," anasema mwenzake. "Mama wa mtu."

Nimehariri picha za milipuko miaka tisa. Nimeona viatu vya watoto barabarani. Hakuna lililoniingia moyoni kama hilo. Mama Nassoro yuko pembeni yangu anaita, "Nassoro! Baba! Ni mimi hapa!" lakini sauti inamtoka nzito kama ya dume la mtu, na mwanawe anafukuza inzi tu, hageuki.

"Wewe ukungu," nikasema. "Si umesema unahamishika?"

"Uso hadi uso. Ila anayenipokea huwa hajulikani tena. Kuna usumbufu wake."

"Njoo kwangu."

"Kwa kawaida kuna fomu ya..."

"Achana na fomu! Njoo!"

Ukaja. Ulikuwa wa baridi, unanuka karatasi mpya, na ulipanda kuanzia kidevuni polepole kama mtu asiyependa kuhama nyumba. Kabla haujanifika machoni nikaona uso wa Mama Nassoro unarudi: kidoti cha kidevuni, pengo la jino la mbele, mashavu, halafu yale macho yake yanayokutania kabla mdomo haujafunguka. Jamani, nilivyoufurahia uso ule! Uso mzuri namna hiyo, na mimi nikaufunika kama sufuria.

Uso ukatokea na kwenye leso. Nassoro akasimama. Bunduki ikamponyoka, ikaanguka miguuni. Akafungua mdomo, na midomo yake nikaiona inakutana kutamka ile herufi ya kwanza ya 'mama', na hapo hapo nikaamka.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Shavu langu lilikuwa na alama za vitufe, na Oloo alikuwa amelala sakafuni, anakoroma kwa amani.

Nikachukua simu nimpigie Mama Nassoro. Simu yangu hufunguka ikiniona uso. Mwaka wa pili sasa haijawahi kunikosa, hata nikiwa na mafua, hata siku niliyonyoa nywele zote. Nikaiinua. "Uso haujatambuliwa," ikaandika. Nikapangusa kioo kwa blauzi. "Uso haujatambuliwa." Nikaenda dirishani penye mwanga, nikatabasamu kama mjinga. "Uso haujatambuliwa. Weka nambari ya siri."

Kisha nikaweka nambari.

"Shikamoo, mama. Ni Wakesho. Nina swali ambalo nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo. Uso wako kwenye filamu, tuufiche au tuuache wazi? Nitakueleza hatari zote ninazozijua. Lakini mwenye kuamua ni wewe."

Tukazungumza kwa muda. Nilimweleza yote, akasikiliza yote, hakunikatiza.

"Uache," akasema mwishoni. "Na pale napakua chakula msipaondoe. Nyinyi mlikuwa wawili, mimi wa tatu, na nilikuwa napakua sahani nne. Oloo akadhani ile ya nne ni nyongeza yake, akaila siku zote nne, nami nikanyamaza, mgeni hanyang'anywi sahani. Lakini ile ni ya Nassoro, mwanangu. Akiiona, ataijua."