Nywele za Emil Kessler

...na mkasi u wazi mkononi mwake, wa baridi, na Verena bado hajakata hata unywele mmoja, amesimama tu kichwani pa jeneza la mumewe, hapa chumba cha mbele, anazitazama zilivyomfika mabegani, mvi tupu, mzee wa miaka sitini na moja na bado kila mwaka alizifuga tangu Juni, kama enzi zile walipocheza mpira bila kofia ngumu, nywele ndizo kinga ya kichwa, hadi Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko jikoni anaiva, naye anavuta kigoda, "Haya mke wangu, msimu umekwisha, ninyoe"... mwaka huu Oktoba haikumngoja, Bwana ametoa, Bwana ametwaa...

"Wifi, umemaliza?" Ottilie huyo mlangoni, dada yake Emil. "Mchungaji keshafika. Kaka yangu asiende kaburini kama kichaa!"

"Mwache hivyo hivyo, shemeji," na huyu ni Rudi, aliyecheza na Emil timu moja, kwa sauti yake nzito, "tangu wale chawa wake hajaguswa na mkasi kabla ya Shukrani!"

"Nyamaza wewe," Ottilie anamkemea, "hata msibani huna haya?"

...chawa, miaka thelathini na mitatu Rudi anamtania kwa chawa, na Emil anacheka naye, Emil aliyeubana kwapani mpira ule wa umbo la yai, wanaume watano wa timu ya kiwanda cha chuma wamemng'ang'ania miguuni na bado anakwenda, sweta aliyofumiwa na mkewe inavutika hadi magotini, watu wanaita Kessler, Kessler... na asubuhi hiyohiyo alikuwa kanisani, benchi la nyuma, mabinti wanazicheka nywele zake, na yeye Verena, bibi harusi wa miezi mitatu, akaona aibu, Septemba ile akamwomba, akamnyoa, mara moja tu, "Kichwa ni chako, mama, nyoa," na Jumapili iliyofuata goti la mtu likampata juu ya sikio la kushoto, halikusikia tena, na wenzake walipomuuliza kwa nini alinyoa katikati ya msimu, mpumbavu we, akasema, nilikuwa na chawa... Chawa! Emil aliyeoga kila siku. Akaibeba aibu ile asiibebe mkewe, na yeye kila Jumapili njia ya kanisani alitembea kushoto kwake, akinong'ona nisamehe, nisamehe, upande aliojua hausikii...

"Wifi!"

...mkasi bado u wazi, nywele bado nzima, anazitenga kwa vidole juu ya sikio la kushoto, kovu hilo, dogo kuliko alivyodhani miaka yote, anazilaza tena vizuri juu yake kama alivyopenda zikae, kisha anazunguka jeneza taratibu, anainama upande wa kulia, kwenye sikio lililosikia...