Mama Alilala Kwanza

Hoteli ile ilikuwa na desturi yake. Chumba kikishapulizwa dawa ya kunguni, mgeni hapewi ufunguo mpaka mmoja wa familia alale humo kwanza. Marehemu mzee mwenye hoteli ndiye aliyeianzisha, na alipofariki kazi ikabaki kwa mkewe, naye akaipenda kupita kiasi. Alikuwa akiingia na mto wake na redio ndogo, na asubuhi anatokea mapokezi kifua mbele na kutangaza, wafanyakazi wote wasikie: "Chumba kizima! Hata mbu wa kunisalimia hakuna."

Mwanawe, ambaye ndiye meneja, alimwamini mama yake kuliko hata hiyo dawa. Ndiyo maana wakili alipoketi ofisini kwake na kumtandazia mezani picha za mgongo uliojaa vipele, hakutetereka. Mwenye mgongo alikuwa pale pale, mwanamke fundi wa mapazia aliyelala chumba namba saba, akijikuna mkono kwa aibu.

"Kaka, sijaja kukuharibia hoteli," alisema. "Lakini nimewabeba mpaka nyumbani. Wanangu hawalali."

"Sheria haisemi hoteli isionekane na kunguni hata mmoja," wakili akadakia. "Inauliza, ulipojua wapo, ulifanya nini kabla ya kumlaza mtu mwingine?"

"Tulipuliza dawa. Kisha mama yangu mzazi akalala humo, akaamka hana hata kipele. Jamani, mtu atamtoa mama yake kafara?"

Wakili hakucheka. "Fundi wa dawa alirudi kukagua?"

"Alitaka kurudi. Nikamwambia asijisumbue, mama ameshalala."

"Basi hapo ndipo ulipojikwaa. Nyanya yangu aliumwa na kunguni miezi mizima na ngozi yake haikusema kitu. Wako watu hawavimbi kabisa, wazee hasa. Ulitakiwa umlete mtu wa kukagua kitanda. Wewe umekagua ngozi ya mama."

 Meneja kesi aliiona, na aibu ya hoteli aliiona, lakini kilichomshtua kilikuwa kingine. Alimkumbuka mama yake akitoka chumba namba saba na mto wake kwapani, moja kwa moja mpaka kitandani kwake. Akawaomba wageni wake wamsubiri, akatoka mbio mbio.

Chumba cha mama kilikuwa uani, nyuma ya chumba cha dobi. Alimkuta ameketi kitandani anakunja vitambaa vya meza, redio ikibwabwaja.

"Mama, hebu simama kidogo niangalie godoro."

"Kuna nini? Umesikia nimeficha hazina?"

Aliinua pembe ya godoro. Mishono ilikuwa myeusi, nao kunguni walikuwa wakitembea humo wanono, bila haraka, kama wenye nyumba. Meneja alikagua vyumba vya wageni kila siku, akipitisha kidole hadi juu ya milango. Humu ndani hakukumbuka lini mara ya mwisho alivuka kizingiti. Salamu zote alizitolea mlangoni, mguu mmoja nje.

"Hukuwaona, Mama?"

"Macho haya yaone nini, baba? Vidoadoa vya damu kwenye shuka niliviona. Nikasema labda ni uzee."

"Mbona hukuniambia?"

Mama alikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Ungeninyima kulala vyumba. Na nisipolala vyumba, hapa mimi ni nani?"

Meneja akamweleza habari ya wakili, na mama yake akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema lazima umlinde mgeni?"

"Ndiyo, Mama."

"Amesema kweli. Na huku uani, sheria yake inafika?"

Alisema kwa utani, na meneja alitaka kucheka, ila machozi yalimtangulia. Akamshika mkono, wakatoka pamoja.

Ofisini alimketisha mama yake kwenye kiti chake mwenyewe. Akamwambia fundi wa mapazia kwamba kosa ni lake yeye meneja, si la mama, na kwamba hatabishana naye mahakamani. Hoteli ingefungwa siku hiyo hiyo, na fundi wa dawa angeitwa kukagua kitanda kimoja kimoja, pamoja na vya nyumbani kwa huyo fundi wa mapazia.

Wakili akafungua kalamu. "Aanze na chumba namba saba?"

"Hapana," alisema meneja. "Aanze na cha mama."