Tonton Cheka Amemruka Baba

Hidaya alikuwa ameishiwa na watu wa kuua. Ni shida ambayo ukiitaja mbele ya polisi utajiletea balaa, lakini mji mzima wa Kasongo uliijua na kumwonea huruma. Filamu yake ya kwanza ya kutisha, ya Tonton Cheka, yaani Mjomba Cheka, ilikuwa imemaliza vijana wa mtaa. Ya pili ikamaliza kwaya ya parokia, mafundi wa baiskeli na nusu ya timu ya mpira. Sasa alikuwa anatengeneza ya tatu, na kila alipogeuka aliona marehemu wakipita na madumu ya maji.

Hapo mtu atauliza, si awatumie walewale? Katika filamu ya pili Bruno muuza mikate, ambaye alichinjwa vizuri kabisa katika ile ya kwanza, alipita kwa bahati mbaya nyuma ya picha na beseni la mikate kichwani. Ukumbi wa video ulilipuka. "Bruno alikufa! Bruno alikufa!" Watu walipiga mabenchi mpaka mwenye ukumbi akazima mashine. Watazamaji wa Kasongo watakusamehe kisu cha mbao, watakusamehe damu ya mawese na nyanya ya kopo. Kumrudisha marehemu sokoni bila maelezo, hawatakusamehe.

Tonton Cheka mwenyewe alikuwa Marcellin, dereva wa pikipiki, kijana mrefu mwenye haya ambaye hata kupiga honi aliona ni kusumbua watu. Lakini umpake unga wa muhogo usoni, umchore mdomo mwekundu hadi masikioni, umbandike kifuniko cha chupa puani na kumvika pijama iliyoshonwa kwa mabaki ya vitenge, na haya yote humtoka. Tonton Cheka hasemi neno. Anabisha hodi kwa adabu, anacheka kidogo, halafu anangoja akaribishwe ndipo aue. Hilo ndilo lililowatia watu baridi, kwa sababu nani huku kwetu atamwacha mgeni amesimama mlangoni? Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, "Usimukaribishe! Usimukaribishe!" na mwenye nyumba, masikini, anamvutia kiti.

Filamu zilisafiri kutoka simu hadi simu. Wenye pikipiki walizipeleka Lusangi na Nyangwe, kisha mpaka Salamabila, ambako wachimbaji wa dhahabu, watu wanaoshuka shimoni bila kuogopa, walianza kuulizana mara mbili kabla ya kufungua mlango. Kule Kabambare mama mmoja alimtisha mwanawe aliyekuwa akilia kwa jina la Tonton Cheka. Mtoto alinyamaza, akafuta machozi, akauliza anafika saa ngapi.

Aliyechukia alikuwa Mzee Yakubu, baba yake Hidaya, mwenye duka la vitenge. Na sababu alikuwa nayo. Mauaji ya kwanza kabisa Hidaya aliyapigia picha ndani ya duka hilo, siku ya Ijumaa, mzee akiwa msikitini. Bruno akafa kwa bidii kupita kiasi. Alivingirika juu ya vitenge vipya, na mawese yakapenya mpaka vile vya chini kabisa. Mzee aliporudi hakufoka. Alisema tu, "Mimi sina mutoto wa kuua batu," na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Hidaya naye, aliyerithi kichwa kigumu kutoka kwa mtu huyohuyo, akanyamaza. Mwaka ukapita, ukaingia mwingine. Walikuwa wanakula kwenye mkeka mmoja, na maneno yote yalipitia kwa mama yake Hidaya, Mama Subira.

"Mama Hidaya, mwambie mutoto wako asogeze chumvi."

"Mama, mwambie chumvi iko karibu na mukono yake."

Mama Subira, aliyekaa katikati yao, hakujisumbua kurudia. Alisogeza chumvi, akaendelea kula.

Mbele ya marafiki Hidaya aliifanya habari hiyo kichekesho. Ukweli ni kwamba ilimuuma sana. Watu wa migodini walimjua kwa jina, na mtu aliyempa jina hilo hakulitamka. Kila filamu ilipotoka alitega sikio asikie kama baba atauliza lolote, hata kwa kumtukana. Baba aliuliza bei ya mchele.

Kwa filamu ya tatu alitaka Tonton Cheka abishe hodi kwa mzee mwenye heshima zake, mtu ambaye kumkaribisha mgeni kuko damuni. Wazee aliowaendea walikikataa kifo kwa adabu kubwa. Mmoja alisema angefikiria, ikiwa angeruhusiwa kufa amekaa. Mwishowe akampata Mzee Ramazani, mwenye duka la jirani na baba yake, mtu wa kupenda kuonekana. Huyo alikubali kabla hajamaliza kuombwa, na kesho yake akawa anatangaza kifo chake soko zima.

Jioni hiyo mkekani, Mzee Yakubu hakugusa bugali.

"Mama Hidaya. Muulize mutoto wako. Ni kweli anaua Ramazani?"

"Mama, mwambie ni kweli."

"Ramazani!" Mzee aliegemea ukuta. "Ameua Kasongo muzima. Ameua mpaka batu ya kwaya. Sasa anapita mbele ya mulango yangu, anaenda kuua Ramazani. Mimi baba yake, hakuniona?"

Hidaya alisahau kumeza. Alimtazama mama yake, lakini mama alikuwa anamchambua samaki kwa makini mno, mabega yakimtikisika.

"Mama, muulize kama anataka kufa."

"Mwambie sikukataa."

Ikabidi Mzee Ramazani abembelezwe. Alipewa kazi ya kuikuta maiti na kupiga yowe, akaridhika kwa shida.

Siku ya kazi, mchana, duka lilifungwa na vitenge vyote vikahamishwa, kwa amri ya marehemu mtarajiwa. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Hata maelekezo yalipita njia ileile.

"Mama, mwambie aanguke polepole."

"Mwambie mimi ni muzee, ningeanguka mbio namna gani?"

Marcellin alikuwa tayari ndani ya pijama yake. "Muzee, munisamehe," alisema, akatoka nje. Hidaya akainua simu. Hodi ikabishwa. Mzee Yakubu alifungua, akautazama ule uso wa unga na ule mdomo mwekundu, akasema, "Karibu, mwanangu. Ingia, upumzike," kwa upole ambao Hidaya hakuwa ameusikia kwa muda mrefu. Marcellin nusura aketi. Kisha akakumbuka kazi yake na kisu chake cha mbao. Mzee alishika kifua, akashuka magoti, akalala chini.

Ndani ya kile kioo kidogo cha simu Hidaya aliziona nyayo za baba yake, nyembamba, zimepasuka visiginoni. Hakujua zilizeeka lini. Yowe la Mzee Ramazani lilipokwisha, Hidaya alisema, "Basi," na watu wakapiga makofi, yeye Ramazani kwa shingo upande.

Mzee Yakubu hakuinuka, na hakutakiwa kuinuka. Mama za waigizaji walikuwa wameweka mwiko wao: aliyelala kama maiti haamki mwenyewe, kifo kisije kikamzoea. Lazima aitwe na mtu wa nyumbani kwake.

"Mama, mwite," Hidaya alisema.

Mama Subira alikunja mikono. "Nimwite namna gani? Mimi namwita Baba Hidaya, jina lake sijalitaja tangu ndoa. Na Hidaya mwenye huyo baba ni wewe. Mwite mwenyewe."

Hidaya alipiga magoti kando ya kanzu iliyolowa mawese. Neno lenyewe ni dogo, hata mtoto mchanga analiweza.

"Baba."

Mzee hakujitikisa.

"Baba, amuka." Machozi yalikuwa yameshamfikia mdomoni. "Baba, vile vitenge nilivyoharibu, nilikosa. Amuka, baba yangu."

Mzee Yakubu alifungua jicho moja. Halikwenda kwa Mama Subira. Lilimtazama yeye.

"Hidaya," alisema, "hii kufa haikuwa muzuri. Turudie."

"Ilikuwa muzuri kabisa, baba."

"Nimesema turudie."

Akalifumba tena jicho, akanyoosha miguu, akangoja kuitwa.