Kona ya Nne ya Shamba la Kizuka

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Miaka kumi na moja katika biro ya ardhi ya komini, yaani ofisi ya ardhi ya wilaya, hapa Rumonge, imenikausha. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombea mita mbili hadi wakaacha kuzikana. Kwa hiyo asubuhi ile Zabroni alipoingia tena na bahasha yake ya kaki, nilikunja uso kabla hajanisalimia.

Alikimbizwa kwenda Tanzania katika vurugu za mwaka sabini na mbili akiwa na miaka mitano, akarudi ana mvi. Kwa miaka tisa alikuwa akidai shamba la baba yake huko Kizuka, shamba la michikichi lililo mikononi mwa mtu anayeitwa Niyonzima. Hakuwa na hati ya shamba wala shahidi. Wazazi wake walizikwa Tanzania. Alichokuwa nacho ni maneno ya marehemu mama yake tu: nyumba juu, michikichi chini yake, njia ya kuteremkia ziwani. Nusu ya mashamba ya Kizuka yako hivyohivyo.

Na Niyonzima si mtu mbaya. Alizaliwa palepale miaka miwili baada ya vurugu, na hajui kwingine. Lakini kila walipokutana mbele ya meza yangu, mmoja alitoka ameitwa mwizi na mwingine ameitwa tapeli.

"Dada Joanita, nimesikia ramani zimefika," Zabroni alisema.

"Nani kakwambia?"

"Dada, mambo ya ofisi hii yanafika sokoni kabla ya ndagala wa ziwani."

Zilikuwa zimefika, ni kweli. Kila komini ilikuwa imejichorea ramani zake kwenye kompyuta zake, na ukifika kwenye mpaka kila kitu kinakatika, mbele ni weupe mtupu. Mwaka huo tulikubaliana na komini jirani tuchangie. Sisi tuliwapa viwanja tulivyokwisha kupima. Wao walituletea picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, kwenye ndege, kabla ya mwaka sabini na mbili, na fundi wao wa ramani akaja nazo. Huyo ni Hyacinthe, Mkongo wa Uvira anayeishi Gitaza. Alikuwa amezilaza picha zile juu ya ramani ya leo, akizishikiza kwa vitu visivyohama: mwamba, makutano ya mito, kanisa.

Nilimwita Niyonzima pia, kwa sababu jambo la watu wawili simwonyeshi mmoja. Wakakaa kwenye benchi moja, kila mtu anatazama ukuta wake.

"Mama, tunaanza na ya leo," Hyacinthe aliniambia. Tukaiona Kizuka ya leo kwenye kioo cha kompyuta, mabati yanang'aa, michikichi imejaa. Kisha akaanza kuivuta ya leo iondoke, polepole, ile ya zamani itokeze chini yake.

Mabati yakafifia. Mitaa mizima ikatoweka. Vilima vikabaki vitupu, na nyumba chache za nyasi zimetawanyika kama chembe za ulezi. Nilijikuta nimesimama. Ilikuwa asubuhi moja kabla sijazaliwa, ndege imepita juu, na watu kule chini wanapika, wanapalilia, hakuna anayejua yajayo. Kivuli cha kila mti kilikuwepo bado. Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, mimi niliyekauka, na sikuona haya.

Hyacinthe akasogeza picha hadi mahali penyewe. Mapaa mawili, jirani kabisa. Chini yake michikichi, kila mmoja na matawi yake yametanda duara.

Zabroni aliweka kidole kwenye kioo. "Hapo ni kwetu," alisema.

Niyonzima naye akainama. "Na hii ingine ni kwetu. Mama aliniambiaka, nyumba ya kwanza ilikuwaka hapo."

Nikawatazama. Zabroni alikuwa ameapa miaka tisa kwamba ukoo wa Niyonzima ulihamia pale baada ya watu kukimbia. Niyonzima alikuwa ameapa kwamba pale hapakuwahi kukaa mtu mwingine. Wote wawili waliapa bila kudanganya, na wote wawili walikosea.

"Muangalie hii njia," Hyacinthe alisema. "Ya kwenda ku ziwa iko nyembamba. Hii ya nyumba kwa nyumba iko nyeupe kabisa. Batu balikuwa banapita hapa kila siku, mara mingi."

Kisha Niyonzima akauliza swali la haki kabisa: "Na mupaka? Mupaka iko wapi?"

Hyacinthe alikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. "Hauonekani. Michikichi iko shamba moja tu."

Zabroni alifunika uso kwa bahasha. Picha ilikuwa inajua kila kitu, hata kivuli cha mti, ila haikujua kipi ni cha nani. Nilihisi uchungu ambao sijauhisi kwa faili lolote.

"Mama yako bado yupo?" nilimuuliza Niyonzima.

"Iko, madamu. Ni muzee, lakini kichwa iko sawa."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuambia kama iko Mutanzania anataka shamba yetu. Alinyamaza."

"Ulimtajia jina la baba wa huyu?"

Akainamisha kichwa. Nilitaka kumrushia mashine ya kubana karatasi. Halafu nikatazama faili mezani, na juu yake kwa mwandiko wangu mwenyewe nilikuwa nimeandika: Kesi ya Mtanzania. Ndivyo tulivyozoea huku, aliyerudi kutoka uhamishoni ni Mtanzania na basi, jina lake la nini. Na komite ya mlima, maana huku kijiji huitwa mlima, ilikuwa imehoji wakuu wa kaya, yaani wanaume. Kikongwe aliyeishi pale kabla ya wote, hakuna aliyemuuliza, na mimi nikiwamo. Hasira yote ikanirudia.

"Baba yangu aliitwa Yonasi," Zabroni alimwambia Niyonzima. Miaka tisa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtajia.

Alhamisi tulipanda Kizuka kupima. Kwetu kupima ni hivi: majirani wote na komite huzunguka shamba, mtu husimama kwenye kila kona, wote wakisema "ego", yaani ndiyo, ndipo mimi nabonyeza tableti kuirekodi kona. Kona tatu zilipita bila neno, moja barabarani, moja kwenye korongo, moja kwa mjane Mariyamu. Ya nne ndiyo ile, kati ya nyumba mbili za kwenye picha.

Agata, mama yake Niyonzima, alikuja na fimbo. Tableti hakuitazama hata mara moja.

"Mutoto wa Yonasi ni nani hapa?"

Zabroni alipiga magoti. Yule bibi akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku.

"Ulikuwa unalialia sana," alisema. "Mbona hukusema ni wewe? Walileta habari ya Mutanzania. Mimi Mutanzania sina deni naye."

Kisha akaanza kutembea. Niyonzima alimwonyesha ua wa miti anaoukata kila mwaka, mpaka anaoujua. Mama akaupita. Akaupita mchikichi mmoja, wa pili, akawa anaigonga kwa fimbo akienda, hadi wa kumi na mbili, hadi hatua tatu kutoka ukuta wa jiko lake mwenyewe. Hapo akasimama.

"Ni hapa."

"Mama!" Niyonzima alishtuka. "Unatoa michikichi yote! Tutabaki na nini?"

"Hatukuipanda sisi," alisema. "Yonasi aliniachia usiku ule, akasema, Agata, unichungie. Nimemuchungia."

Komite walitazamana. Nikauliza kama desturi inavyotaka: ni hapa? Wakasema ego, mmoja mmoja, Mariyamu pia. Akabaki Niyonzima. Watoto wake wote walisoma kwa mawese ya miti ile. Alitazama miti, akamtazama mama yake, jasho linamtoka shingoni.

"Niyonzima," Zabroni alisema, bado ana vumbi magotini, "nusu ya mavuno ni ya huyu mama maisha yake yote. Naapa mbele ya komite."

Niyonzima alikwenda akasimama bega kwa bega na mama yake pale konani, akamshika mkono usio na fimbo.

"Ego," alisema.

Tableti ilihitaji dakika moja ya utulivu ili kupata mahali barabara. Nikamwambia, "Bibi, usisogee kwanza, setilaiti zinakutafuta."

Agata hakuinua hata uso. "Nimesimama hapa miaka makumi tano na mitatu, mwanangu. Zichukue saa yao."

Nikabonyeza huku nikilia, mbele ya komite nzima.